Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za magemu: kipimo mnacho tayari

Ndugu wakurugenzi, wazalishaji na wachapishaji,

Anayetunga gemu jipya kabisa anatembea gizani. Hajui kama litapendwa, wala kama hatua ya tatu itawashinda watu au itawasinzisha. Ninyi mnaorudia gemu la zamani hamna giza hilo. Gemu lipo, limechezwa miaka 10 au 20, kasoro zake zinajulikana hadi vichochoroni. Mnaweza kuliweka kwenye runinga moja, kazi yenu mpya kwenye runinga ya pili, kisha mkauliza: je, kuna jambo ambalo lile kongwe linalifanya vizuri kuliko hili letu? Malalamiko yetu karibu yote yanatokana na swali hilo kutoulizwa, au kuulizwa na jibu lake kufungiwa kabatini hadi siku ya mauzo ipite.

Hatupingi kurudiwa kwa magemu. Resident Evil 2 ya mwaka 2019 na Demon's Souls ya mwaka 2020 zilirudiwa na watu walioyajua magemu yao nje ndani, na zinatosha kumnyamazisha anayesema ya kale yasiguswe. Kinachotukera ni makosa yanayopimika kwa saa na kwa namba, yanayojirudia mwaka baada ya mwaka kana kwamba hakuna aliyewahi kuyafanya.

Tuelewane kwanza kwa majina, maana kwenye matangazo mnayachanganya. Rimasta ni gemu lilelile, msimbo uleule au sehemu yake kubwa, limesafishwa picha na kufanywa likubali mashine za leo. Rimeki ni gemu lililojengwa upya kuanzia msingi: injini nyingine (programu ya msingi inayoendesha gemu), maumbo mapya, mara nyingi hata hadithi imeguswa. Zipo zinazokaa katikati. The Elder Scrolls IV: Oblivion Remastered ya Aprili 2025 inachorwa na injini mpya, Unreal Engine 5, lakini chini yake injini ya mwaka 2006 bado ndiyo inayoamua nani amekuona ukiiba na upanga wako umeumiza kiasi gani. Mchanganyiko huo si dhambi, na pengine ndio uliookoa roho ya gemu lile, vituko vyake vikiwemo. Mnunuzi aambiwe tu.

The Last of Us ilitoka mwaka 2013 kwa PlayStation 3, ikarudi mwaka 2014 kwa PlayStation 4, kisha Septemba 2022 ikarudi kwa PlayStation 5 kwa dola 70. Toleo hilo la tatu lilijengwa upya kwa ustadi, na simulizi ya sauti inayomweleza asiyeona kinachotendeka kwenye video za hadithi ni jambo ambalo kila kampuni ingepaswa kuiga kesho asubuhi. Lakini sehemu ya kucheza na wengine mtandaoni, iliyokuwamo mwaka 2013, haikuwamo. Anayelipia gemu moja kwa mara ya tatu ana haki ya kuona, kwenye ukurasa wa duka na si kwenye mahojiano, kilichobaki, kilichobadilishwa na kilichoondolewa. Mistari kumi inatosha.

Sasa tufike kwenye donda lenyewe, kukwamakwama kwa picha.

Gemu linaloenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde lina milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Kwa fremu 30 ni milisekunde 33.3. Ninyi hupenda kututajia wastani, na wastani ni mwongo mzuri sana. Chukueni sekunde moja yenye fremu 58 za milisekunde 14 kila moja: hizo ni milisekunde 812. Ongezeni fremu moja iliyochukua milisekunde 188. Sekunde imetimia, kihesabio kinasoma fremu 59, na kwenye karatasi ya mkutano kila mtu anapiga makofi. Mchezaji, kwa upande wake, ameona picha ikiganda kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde, adui amempiga, na hajui kosa ni la nani.

Mkwamo huo una vyanzo viwili vikuu, na dawa zake ni tofauti. Chanzo cha kwanza ni sheda, yaani vijiprogramu vinavyoiambia kadi ya picha namna ya kupaka rangi ngozi, maji, moshi, kioo. Kwenye konsoli, kama PlayStation, mashine ni moja, kwa hiyo sheda hutafsiriwa kiwandani na kuja zimeiva. Kwenye kompyuta kila aina ya kadi, na kila toleo la draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, huhitaji tafsiri yake. Gemu lisipotafsiri mapema hutafsiri pale pale sheda inapohitajika, yaani moto unapowaka kwa mara ya kwanza mbele yako, na kila kitu husubiri. Chanzo cha pili ni upakiaji wa eneo jipya: unavuka mstari usioonekana, gemu linaanza kuvuta maumbo na sauti za eneo linalofuata, linazitengenezea nafasi kwenye kumbukumbu, na uzi mmoja wa prosesa, yaani njia yake moja tu ya kazi, unabebeshwa mzigo wote.

Kutofautisha hivi viwili hakuhitaji mtaalamu wa kukodi. Futeni hifadhi ya sheda zilizokwisha kutafsiriwa, pigeni njia moja ya dakika kumi inayopita walau mipaka mitano ya maeneo, na rekodini muda wa kila fremu. Rudieni njia ileile bila kufuta chochote. Mkwamo uliotoweka mara ya pili ulikuwa wa sheda. Uliobaki mahali palepale ni wa upakiaji. Fanyeni hivyo kwenye mashine tatu: ile mliyoiandika wenyewe kama kiwango cha chini, nyingine ya kati yenye kadi ya gigabaiti 8, na moja ya juu kabisa. Kila fremu inayozidi milisekunde 50 iandikwe kama kosa, iwe na namba yake na mtu wake wa kuirekebisha. Halafu sasisheni draiva mrudie tena, kwa sababu draiva mpya huifanya hifadhi ya sheda isifae, na mnunuzi wenu atasasisha draiva wiki hiyohiyo anayonunua gemu.

Dead Space ya Januari 2023 ni somo zuri hapa. Ilitafsiri sheda zake mwanzoni kabla ya mchezo, kama inavyotakiwa, lakini kwenye kompyuta iliendelea kukwama kila ulipovuka kutoka eneo moja kwenda jingine. Dawa ya kwanza ilitolewa, ya pili haikutolewa. Silent Hill 2 ya Oktoba 2024 na Oblivion Remastered zote zilifika na mikwamo kwenye kompyuta, zote juu ya Unreal Engine 5, na katika ile ya pili hata mashine ya bei kubwa haikukuokoa ulipotoka mjini kuingia porini. Mkwamo wa upakiaji hautibiwi kwa kununua kadi kubwa zaidi. Hutibiwa na anayeugawa mzigo vipande vidogo na kuuanza mapema, mchezaji akiwa bado hatua mia kabla ya mstari.

Nayo dawa ya sheda ina kipimo chake. The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta tarehe 28 Machi 2023, ilitafsiri sheda kabla ya kuanza, na kwa baadhi ya mashine kazi hiyo ilikula zaidi ya saa nzima. Sasa kumbukeni kanuni ya Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta: pesa hurudishwa kama gemu limenunuliwa ndani ya siku 14 na limechezwa chini ya saa 2. Saa ya kutafsiri sheda huhesabiwa kama saa ya kucheza. Mtu ametazama mstari unaojaa, muda wake wa kujaribu bidhaa umekatwa nusu, na hajaona hata mlango wa kwanza. Tafsirini kwanza sheda za saa moja ya mwanzo ya gemu, nyingine zitafsiriwe nyuma ya pazia kwa nyuzi za prosesa zilizo huru, na onyesheni idadi iliyobaki kwa namba, si kwa mstari unaosimama kwenye asilimia 99.

Gemu hilohilo lilikuwa na tatizo la kumbukumbu. Konsoli ya PlayStation 5 ina gigabaiti 16 zinazotumiwa na prosesa na picha kwa pamoja. Kwenye kompyuta kumbukumbu hizo ni mbili, na kadi nyingi zilizoko majumbani zina gigabaiti 8. Gemu lilipozidi hapo lilianguka au kukwama, na aliyeshusha tekscha, yaani picha zinazofunika kuta na vitu, hadi kiwango cha kati alipata kuta zilizofifia kuliko za mwaka 2013. Viraka, yaani masahihisho ya kupakua, vilikuja baadaye vikasahihisha sehemu kubwa. Lakini kiwango cha kati ndicho ambacho wateja wenu wengi watakitumia. Kichoreni kama kazi, msikiache kama makapi ya kiwango cha juu.

Tuhamie kwenye macho. Ukungu wa magemu ya zamani haukuwekwa kwa bahati mbaya. PlayStation 2 ilikuwa na megabaiti 32 za kumbukumbu kuu na 4 za picha. Waliotengeneza Grand Theft Auto: San Andreas mwaka 2004 walitumia ukungu na moshi wa jiji kuficha mahali ambapo ulimwengu unakatika, na kwa kufanya hivyo wakaifanya ramani ionekane jimbo zima. Toleo lililorudiwa la Novemba 2021, lililotoka pamoja na Grand Theft Auto III na Vice City, liliuondoa ukungu huo. Ghafla ukisimama mlimani unaona jiji liko chini ya miguu yako, uwanja wa ndege uko pale, na jangwa ni kama kiwanja nyuma ya nyumba. Hakuna aliyepunguza hata mita moja ya ramani. Waliondoa pazia tu, na jukwaa likaonekana kuwa mbao.

Kwenye toleo hilo mvua ilikuwa michirizi mieupe iliyoziba barabara, na mabango yaliyokuzwa kwa programu yalipoteza utani wake. Duka la donati lililokuwa na alama ya nati ya chuma yenye pembe sita liliishia na nati ya mviringo, kwa sababu aliyeikuza alidhani pembe ni kasoro ya picha. Hili ni dogo, tunajua. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha tabia ya kazi nzima. Programu ya kukuza picha, iwe ya akili bandia au ya kawaida, haijui kutofautisha kona ya nati na ukungu wa pikseli. Lazima mtu akae na picha ya zamani upande wa kushoto na mpya upande wa kulia, akague moja moja. Kama tekscha ni elfu kumi na mkaguzi mmoja anatumia nusu dakika kwa kila moja, hiyo ni saa 83, wiki mbili za mtu mmoja. Kampuni yenyewe, Rockstar, iliomba radhi mwezi huohuo. Ukungu na mwanga wa asili vilirudi kwa kiraka cha Novemba 2024, miaka mitatu baadaye.

Kilichotusikitisha zaidi ni kwamba somo la ukungu lilikuwa limeshatolewa. Mkusanyiko wa Silent Hill wa mwaka 2012 ulijengwa juu ya msimbo ambao haukuwa wa mwisho, kwa sababu ule wa mwisho haukupatikana. Ukungu ukapungua hadi kingo za dunia ya gemu zikaonekana waziwazi. Katika gemu la kutisha ukungu ndio mhusika mkuu. Ukiutoa, mji unabaki ni barabara tupu yenye nyumba za karatasi.

Lingine lisiloonekana kwenye picha za matangazo ni mwendo. Magemu mengi ya zamani yalifunga mantiki yake kwenye fremu: kila fremu, hesabu moja. Ukibadilisha idadi ya fremu, umebadilisha gemu lenyewe. PlayStation Classic ya Desemba 2018 ilikuja na magemu 20, na 9 kati yake yalikuwa ya mfumo wa Ulaya wa herzi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, Tekken 3 likiwemo. Mpambano uliotungwa kwa herzi 60 unapoenda kwa 50, kilichochukua sekunde 60 kinachukua 72. Aliyezoea kupangua pigo kwa hisia za vidole anapangua hewa. Upande wa pili, Dark Souls II kwenye kompyuta iliendeshwa kwa fremu 60 na silaha zikachakaa mara mbili ya kasi, kwa kuwa kila fremu ya upanga kugusa mwili ilihesabiwa kama mgongano mpya. Hata Resident Evil 2 tuliyoisifu hapo juu ilikuwa na kisu kilichokata zaidi kadiri fremu zilivyoongezeka.

Kinga yake inajulikana: mantiki iende kwa hatua zake zisizobadilika, picha zichorwe kwa kasi yoyote juu yake. Diablo II: Resurrected ya mwaka 2021 ilifanya hivyo hasa. Mantiki ya mwaka 2000 bado inapiga hatua 25 kwa sekunde, na picha mpya zinatelezeshwa juu yake. Ndiyo maana unabonyeza kitufe kimoja na gemu la zamani linatokea papo hapo, mazimwi yakiwa yamesimama palepale.

Kitufe hicho ndicho ombi letu kubwa. Halo: Combat Evolved Anniversary ilikuwa nacho mwaka 2011. StarCraft: Remastered ya mwaka 2017, Command & Conquer Remastered Collection ya mwaka 2020, Tomb Raider I-III Remastered ya Februari 2024, zote zinacho. Faida yake haiishii kwa mzee anayetaka kukumbuka. Mtengenezaji anayejua kwamba mnunuzi anaweza kulinganisha kwa kidole kimoja hafanyi mzaha na ukungu. Pale ambapo rimeki imejengwa upya na kitufe hakiwezekani, wekeni gemu la asili ndani ya kifurushi kilekile kama programu ya pembeni. Uzito wake ni gigabaiti chache kando ya gemu la gigabaiti mia.

Badala ya hilo, wengi wenu mmechagua kulizika. Kabla ya Grand Theft Auto zile tatu kutoka, matoleo ya zamani yaliondolewa madukani mtandaoni, kisha toleo jipya la kompyuta likazimwa siku kadhaa mara tu baada ya kutoka. Kwa muda ule, mtu mwenye pesa mkononi hakuwa na lolote la kununua, si la zamani wala jipya. Toleo la kwanza la Dark Souls kwenye Steam liliondolewa lilipokuja lililosafishwa mwaka 2018. Super Mario 3D All-Stars iliuzwa kuanzia tarehe 18 Septemba 2020 hadi 31 Machi 2021, basi, kama vile magemu yale yangeoza Aprili. Nalo Horizon Zero Dawn lilipokaribia kusafishwa mwaka 2024, toleo la awali lilipandishwa bei kutoka dola 20 hadi 40, huku aliye nalo akiahidiwa jipya kwa kuongeza dola 10. Piga hesabu uone bei ilipandishwa kwa ajili ya nani.

Warcraft III: Reforged ya Januari 2020 ndiyo iliyovuka mpaka. Haikuishia kuuza kitu kipungufu. Ilimfikia hata ambaye hakununua. Aliyekuwa na gemu la mwaka 2002 na kutaka kucheza mtandaoni alilazimika kupokea programu mpya, na programu hiyo haikuwa na ngazi za ushindani, koo za wachezaji wala kampeni za kujitungia vilivyokuwapo jana yake. Maonyesho ya hadithi yaliyotangazwa mwaka 2018 kwa kamera mpya hayakuja. Waliodai pesa walirudishiwa, lakini wale wa mwaka 2002 wangerudishiwa nini?

Julai 2023, Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network walitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya kale yaliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hayapatikani tena kununuliwa. Kila mara mnapoondoa la zamani ili jipya lisilinganishwe, mnaongeza namba hiyo kwa makusudi. Na inawezekana kufanya kinyume: gemu la awali la StarCraft lilitolewa bure miezi michache kabla ya rimasta yake, na rimasta ikauzwa hivyohivyo.

Kuhusu seva tutasema kidogo, maana hesabu yake ni ya shule ya msingi. Star Wars: Battlefront Classic Collection ilizinduliwa tarehe 14 Machi 2024 ikiwa na seva tatu za watu 64 kila moja. Hiyo ni nafasi 192, na waliokuwa mlangoni ni maelfu. Diablo II: Resurrected nayo iliangukaanguka Oktoba 2021, na wenyewe walieleza vizuri kwa nini: huduma ya zamani ya kufungua na kuhifadhi michezo ilibaki na kuegemea hifadhidata moja kuu, wakati wachezaji wa leo hufungua na kufunga michezo mifupi kwa kasi ambayo mwaka 2000 haikuwapo. Tunawaheshimu kwa maelezo yale. Ila hapo ndipo penye funzo: msimbo wa zamani unaweza kubaki, mazoea ya watu hayabaki. Kabla ya uzinduzi pimeni idadi ya michezo inayofunguliwa kwa dakika, si idadi ya watu waliomo tu. Na ruhusuni watu waendeshe seva zao wenyewe, au waunganishe kompyuta zao moja kwa moja kama zamani. Resurrected iliondoa njia hiyo, kisha seva rasmi zilipolala hapakuwa na mlango wa uani kwa waliotaka kucheza pamoja.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Resident Evil 4 ilitoka tarehe 24 Machi 2023, ikasifiwa na kila mhakiki, na tulisifu pamoja nao. Wiki mbili baadaye, sifa zikiwa zimeshaandikwa, zikaongezwa tiketi za kuboresha silaha kwa dola 3 moja. Hazikuharibu gemu, kweli. Lakini mhakiki aliandikia bidhaa moja na mnunuzi wa Aprili akakuta nyingine. Chochote mtakachouza ndani ya gemu kiwepo siku ambayo wahakiki wanalipokea. Na mkikata sehemu, kama mnara wa saa uliokatwa kwenye Resident Evil 3 ya mwaka 2020 ilhali ulikuwamo mwaka 1999, semeni mapema. Gemu fupi kwa bei kamili husamehewa likijitangaza kuwa fupi.

Sehemu kubwa ya haya ingezuilika kama kabati la kampuni lingetunzwa. Kingdom Hearts ya mwaka 2002 ilibidi ijengwe upya kipande kwa kipande kwa toleo la mwaka 2013 kwa sababu data zake zilikuwa zimepotea. Video za Command & Conquer zilikuzwa kwa programu kwa kuwa kanda zake kuu hazikupatikana. Siku gemu linapofungwa, hifadhini msimbo chanzo wa toleo lililouzwa, si la wiki moja kabla, pamoja na kikusanyaji (programu inayougeuza msimbo kuwa gemu) na maktaba zilezile zilizotumika kuujenga. Tekscha zihifadhiwe kwa ukubwa zilizochorwa kabla ya kupunguzwa, sauti kabla ya kubanwa, maumbo katika faili za programu iliyoyachora. Nakala tatu, sehemu mbili tofauti, na mara moja kwa mwaka mtu ajaribu kulijenga gemu kutoka humo hadi liwake. Nakala ambayo haijawahi kujengwa ni tumaini tu. Electronic Arts, walipotoa Command & Conquer ile mwaka 2020, walifungua msimbo wa mantiki ya magemu yote mawili yaliyomo humo kwa leseni huria, na watengenezaji wa modi, yaani nyongeza za wachezaji wenyewe, wakaanza kazi mapema. Ndilo gemu ambalo hatuna wasiwasi nalo miaka 20 ijayo.

Limebaki dogo lisilo na gharama. Metroid Prime Remastered ya Februari 2023 ni kati ya rimasta bora tulizowahi kupima: fremu 60 zilizotulia kwenye Nintendo Switch, mashine iliyokuwa tayari na miaka karibu sita, kwa dola 40. Lakini mwishoni, pale majina yanapopita, waliolitunga gemu lile mwaka 2002 walifupishwa kuwa sentensi moja inayosema kazi hii imetokana na kazi ya wafanyakazi wa matoleo ya awali. Walioijenga ile sayari, waliotunga milango yake na muziki wake, hawakutajwa kwa majina. Orodha yao imo mwishoni mwa gemu la mwaka 2002, herufi kwa herufi. Kuinakili ni kazi ya mchana mmoja, na kiraka chake hakifiki megabaiti moja.

Ni sisi,
wachezaji, wapimaji na watunzaji wa magemu yenu